Sura ya Sita: Saa ya Marehemu Yavuliwa Uso

Kosa la kwanza la Sajini lilikuwa kumkamata Fundi wa saa. Kosa la pili lilikuwa kulala usingizi mnono baada ya kumkamata. Asubuhi iliyofuata, akiwa anapiga mswaki, aliyaona makosa yote mawili kwa mpigo, akameza povu.

Kesi yenyewe ilikuwa imenyooka kama mstari wa paredi. Marehemu, aliyekuwa dereva wa treni, aliacha saa ya mkononi iliyokuwa kuukuu kuliko watoto wake wote wawili. Mwanawe wa kiume, mkandarasi wa majengo, aliipeleka kwa Fundi isafishwe mashine. Iliporudi ilikuwa inatembea vizuri ajabu, ila uso haukuwa ule. Uso wa saa ya baba ulikuwa na jina la kiwanda, na doa la rangi ya chai karibu na tatu. Uso huu ulikuwa msafi, hauna doa wala jina. Mkandarasi akaja kituoni akipaza sauti mpaka mbwa wa doria akasimama wima. Sajini akaenda dukani kwa Fundi, akavuta droo, akakuta bati la biskuti limejaa nyuso za saa. Akaandika mashtaka kabla hajakaa sawasawa kwenye kiti. Mkuu wa kituo alimsifu mbele ya wenzake, naye akapokea sifa hizo kwa unyenyekevu wa mwanafunzi aliyeiba kura za ukiranja.

Gari la mahabusu lingefika mchana kumpeleka Fundi mahakamani. Akishapanda, neno la Sajini ndilo lingemtangulia mbele ya hakimu, na hakuna ambaye angelirudisha.

Kilichomfanya ameze povu ni swali la kitoto tu. Mwizi mwenye bati zima la nyuso zenye majina, kwa nini achague kuweka uso usio na jina?

Koplo alimleta Fundi chumba cha mahojiano. Fundi aliingia ameishika suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda wake ulikuwa umehifadhiwa kaunta kwa usalama wa taifa. Sajini akamsogezea kiti chenye mgongo. Jana alimkalisha kwenye kigoda.

"Karibu, mzee."

"Leo ni mzee? Jana nilikuwa 'wewe'."

Sajini akajifanya anapanga karatasi. "Nieleze habari za lile bati."

"Nilieleza jana."

"Eleza tena. Polepole."

Fundi akakuna kidevu chenye mvi za siku moja bila wembe. "Haya. Zile nyuso nilizitoa kwenye saa za watu. Nyingine zilikuwa zimekufa, zimeota kutu. Nyingine..." Akaitazama dari kama mtu anayesubiri imsaidie. "Nyingine zilikuwa nzima, na mimi nikawaambia wenyewe zimekufa. Mteja anapenda uso unaong'aa. Namwekea mpya, ule wa zamani nabaki nao. Wapo watu wanaozitafuta."

"Huo ni wizi."

"Ni wizi, afande. Kwa huo nifunge. Lakini uso wa saa ya dereva sikuugusa. Ulikuja kwangu hivyo hivyo."

"Uliona una kasoro?"

"Niliona kabla sijakaa."

"Na hukumwambia mwenyewe!"

"Ningemwambia, angeniuliza nimejuaje. Nikimfundisha jinsi ya kuutambua uso wa asili, kesho anawafundisha majirani, na majirani zake wote ni wateja wangu." Fundi akapunguza sauti. "Nikaona heri ninyamaze."

Koplo, aliyekuwa ameegemea mlango, akacheka kwa pua. Sajini hakucheka. Alikata mfuko wa kielelezo, akaitoa saa, akaiweka juu ya kitambaa cheupe pamoja na vifaa vilivyokamatwa dukani.

"Basi nifundishe mimi. Sina majirani."

Fundi akanyoosha mkono. Koplo akaruka kutoka mlangoni kana kwamba ameona nyoka.

"Mtuhumiwa hagusi kielelezo, Sajini! Utaratibu!"

Utaratibu ulikuwa upande wa Koplo, jambo ambalo halikuwa likitokea mara nyingi, na alilifurahia waziwazi. Ikabidi Fundi akunje mikono kifuani aseme tu, na Sajini afanye. Mikono ya Sajini ilikuwa imezoea pingu, siyo bisibisi nyembamba kama sindano.

"Mfuniko wa nyuma," Fundi akaanza. "Uzungushe. Kushoto. Kushoto, afande, au siku hizi kumehamishwa?"

Mfuniko ukatoka. Kwa maelekezo, na kwa miguno ya Fundi iliyofanana na ya mtu anayeng'olewa jino, Sajini akalegeza skrubu, akachomoa kitufe cha kujazia ufunguo, na mashine ikatoka kwenye nyumba yake ikiwa bado imevaa uso na mishale.

"Sasa vaa ile lenzi jichoni. Zima taa ya juu. Laza hiyo ya mezani, mwanga upite juu ya uso kama maji juu ya sakafu. Unaona nini?"

"Uso."

"Mungu akubariki. Na juu ya uso?"

Sajini akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kielelezo. Koplo akakohoa kiutaratibu. Kwa mwanga uliolala, uso ule msafi ulikuwa na mifereji. Ilikuwa myembamba, inapinda pamoja, kama ukuta uliopakwa rangi na mtu mwenye haraka.

"Brashi imepita hapa."

"Kiwandani hakuna brashi. Rangi ya kiwandani hulala kama ngozi, na maandishi ya tarakimu hukaa juu yake kama yameota. Hapo yamekaaje?"

"Kama yameandikwa na mtu aliyezuia pumzi."

"Sasa linganisha na mishale."

Mishale ilikuwa mizee. Ilikuwa na vipele vya kutu na ncha zilizofifia, wakati uso chini yake ulikuwa kijana mbichi. Sajini alishawahi kuona picha za harusi za namna hiyo. Vitu viwili vilivyozeeka pamoja nyumba moja huzeeka sawa, alijiambia, na hivi havikuwa vimezeeka sawa. Kisha akaona jambo lingine. Kandokando ya mahali fulani pa uso palikuwa na ukingo mdogo wa rangi, kama mshono. Ulikwenda mrefu na mwembamba ukaishia kwenye ncha. Jirani yake palikuwa na mshono mwingine mfupi. Alizungusha mashine kidogo. Umbo lake alilijua, lilikuwa mbele ya macho yake muda wote.

"Ni mishale," akasema. "Mtu alipaka rangi kuizunguka. Halafu akaizungusha kando akajaza pale palipobaki."

Fundi akaacha kuguna. "Itoe. Weka karatasi ya plastiki chini yake, inyanyue kwa pande mbili. Taratibu, afande. Taratibu! Hiyo siyo kufuli!"

Mshale wa dakika ukaruka, ukapiga kitufe cha sare ya Koplo, ukatua kwenye kitambaa. Mshale wa saa ulitoka kwa adabu zaidi. Na pale katikati, penye kitundu, pakabaki pete ndogo ambayo brashi haikuweza kuifikia, yenye rangi ya meno ya mvuta sigara. Huo ndio uliokuwa uso wa zamani, au kilichosalia chake.

Sajini akakaa wima. "Aliyepaka hakuitoa mishale."

"Hakuitoa."

"Wewe ungeitoa?"

"Hata nikiwa nimelewa. Ndicho kitu cha kwanza mkono unachofanya. Kuacha mishale ukapaka uso ni sawa na kuvua soksi kabla ya kiatu."

"Labda aliiacha makusudi," Koplo akasema, "ili tuseme siyo fundi."

Sajini alimtazama Koplo kwa chuki kidogo, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe angesema jana. "Basi tuangalie chini."

Alilegeza skrubu mbili za ubavuni, akauinua uso kwa kibanio. Nyuma yake palikuwa na vimiguu viwili vya shaba, vimesimama wima, havijawahi kukatwa wala kuunganishwa. Bamba la uso lilikuwa limebadilika rangi kwa uzee, na katikati ya weusi ule mlikuwa na alama zinazong'aa mahali ambapo bamba lilikuwa limekaa juu ya mashine. Sajini akalirudisha, akalitoa, akalirudisha. Kila alama ilikutana na mwenzake.

"Bamba hili halijawahi kuishi kwenye saa nyingine," akasema polepole. "Hakuna uso ulioibwa, Koplo. Uso ni uleule wa marehemu. Umepakwa tu."

"Basi aliuharibu, akaficha."

Hilo lilikuwa na maana, na Sajini alijua mkuu wa kituo angesema hivyo hivyo. Aliugeuza tena uso, akaupitia tarakimu kwa tarakimu. Kwenye saba akasimama. Alidhani ni mkwaruzo, akageuza taa. Haukuwa mkwaruzo. Saba ilikuwa imekatwa tumboni kwa kistari kidogo, kimenyooka, kama mtu aliyevaa mkanda. Akanusa. Harufu ilikuwa hafifu, lakini alisoma shule ya bweni na asingeweza kuikosea. Ilikuwa harufu ya bweni la wasichana siku ya kufunga shule, saa kila mmoja anapojipaka alichokatazwa muhula mzima.

"Rangi ya kucha," akasema.

"Mimi nilidhani hivyo pia," Fundi akasema. "Na ile saa ilikuja imefungwa shashi, juu yake plasta, kama kidole kilichokatwa."

"Mbona jana hukuniambia?"

"Jana ulikuwa unaandika."

Sajini akafuta lenzi ambayo haikuwa chafu. Akamwambia Koplo amrudishe Fundi mahabusu na kumpa chai. Koplo akauliza chai iandikwe wapi. Sajini akamwambia aiandike usoni pake.

Mkandarasi, aliyeitwa pamoja na dada yake, alifika akiwa na vumbi la saruji kwenye viatu na hasira ile ile ya jana, imehifadhiwa vizuri. Dada yake alikuja nyuma yake, amevaa sare ya nesi, ametokea zamu. Kabla ya kukaa alitoa pamba na kichupa cha spiriti mkobani, akafuta ukingo wa meza na mikono ya kiti.

"Samahani, afande. Mazoea."

"Dada, hapa ni polisi, siyo wodini," Mkandarasi akamwambia.

"Ndiyo maana nafuta."

Sajini akaanza na kaka. "Saa ulipoipokea, ilikuwa wapi?"

"Kwa dada. Yeye ndiye alimwuguza baba."

"Alikupa imefungwa?"

"Kwa bandeji. Nikaipeleka kwa huyo mwizi vile vile."

"Bila kufungua? Saa ya baba yako?"

Mkandarasi akakwangua saruji kwenye kiatu kwa kiatu kingine. "Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini?"

"Ya... Sikutaka kuiangalia. Nilitaka kwanza itembee." Kisha sauti yake ikapanda tena, kana kwamba amerudi nyumbani kwake. "Kwani mtuhumiwa ni nani hapa? Uso huo baba aliuangalia kila alipong'oa treni stesheni! Mtu kauvua, kaweka takataka, na wewe unaniuliza mimi haraka yangu?"

Dada yake alikuwa akiifuta kalamu ya Sajini, ambayo hakuna mtu aliyempa.

"Nesi," Sajini akasema, kwa sauti ya mtu anayepitisha muda, "nisaidie jambo moja la kazi yenu. Kila nikipewa dawa naona mmeandika saba na kistari tumboni. Ni mapambo?"

"Mapambo gani!" Nesi akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ni ili mtu asiisome moja. Wewe hujui mwandiko wa madaktari. Mgonjwa wa moja akipewa saba, unamzika. Kwetu ukiandika saba bila kuikata, matroni anakurudisha ukaandike..."

Akaishia hapo. Sajini alikuwa ameondoa karatasi iliyofunika kitambaa cheupe. Uso wa saa ulikuwa umelala pale peke yake, hauna mishale, na lenzi imesimamishwa juu ya saba.

Mkandarasi akainama, akatazama kwenye lenzi, akainuka, akainama tena.

"Dada. Hii si saba yako?"

Nesi akaiweka kalamu mezani, sambamba na ukingo. "Ni yangu."

"Umeandika kwenye saa ya baba?"

"Sikuandika. Nilirudishia."

"Ulirudishia nini?"

"Nilichofuta." Alikuwa anazungumza na kalamu. "Siku ile walipomtoa, nilikuwa nafuta kila kitu kilichokuwa kitandani kwake. Bakuli, redio, miwani. Saa ilikuwa chini ya mto, kioo kimeachia. Nikaifuta nayo. Hata sikufikiri, mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Halafu nikaitazama pamba, nikaona jina lote liko kwenye pamba. Na lile doa lake la pale kwenye tatu."

"Ukampaka baba rangi ya kucha!"

"Ilikuwa inafanana rangi. Tarakimu nikaandika kwa kalamu ya kuandikia chupa za vipimo, kwa sababu haifutiki." Akavuta pumzi. "Jina sikuweza. Nilijaribu kulikumbuka usiku kucha. Miaka yote nimeliona mkononi mwake, na sikuweza kulikumbuka."

"Si ungenipigia simu? Mimi nalijua!"

"Ningekupigia kwa mangapi, mdogo wangu? Nilikupigia alipoacha kula. Ukasema zege linamwagwa."

Mkandarasi akaketi, akaziangalia nguo zake kana kwamba ndiyo kwanza anagundua zina vumbi.

Sajini alipaswa kuuliza swali lililofuata, na alijua ni lipi, na hakulipenda kwa sababu lilimhusu pia. "Ulijua Fundi yuko ndani?"

"Nilijua. Mdogo wangu alinipigia akifurahi."

"Na?"

"Nikasema atatoka tu. Hana kosa. Nikasema polisi wataangalia wataona. Watu wasio na kosa hutoka." Akainua macho. "Si hutoka, afande?"

Honi ya gari la mahabusu ikalia uani.

Sajini alitoka haraka kuliko cheo chake kilivyoruhusu. Alimwambia dereva asubiri. Alimwambia mkuu wa kituo, mlangoni, kwamba shtaka la uso wa saa ya dereva halipo tena, kwamba mwandishi wake alikuwa mjinga, na kwamba mwandishi ni yeye. Mkuu aliuliza kama hilo haliwezi kusubiri hadi baada ya chakula. Sajini akasema haliwezi. Alipofika kwenye mlango wa mahabusu na funguo, akasikia viatu nyuma yake. Nesi alikuwa amemfuata, na kaka mtu nyuma ya Nesi.

Fundi alikuwa amekaa sakafuni, kikombe cha chai pembeni yake.

"Shtaka la saa ya dereva limefutwa," Sajini akasema kwa sauti ya paredi. "Bati linabaki hapa. Wenye nyuso wataitwa, na kesho utakuja kulijibu mwenyewe, kwa miguu yako."

"Nitakuja." Fundi akainuka kwa kushika ukuta. "Hayo ni ya kiserikali. Sema na lile lingine."

"Lipi?"

"Lile ambalo halina kifungu."

Koplo, aliyekuja kushuhudia utaratibu, akageuka akaanza kusoma tangazo ukutani. Sajini alihamisha funguo kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Nilikukamata kwa sababu ya bati, mzee, sikuiangalia saa. Nisamehe."

Fundi akainamisha kichwa kidogo, bila kusema kama amesamehe au amesikia tu. Kisha akamwona Nesi nyuma ya bega la Sajini, akaiona sare. Hakuna aliyemweleza kitu.

"Wewe ndiye wa bandeji."

"Ndiyo, baba."

"Hili gari nilisikia honi yake. Lingeniondoa. Huko kuna watu wanakaa mwaka wakisubiri kutajwa." Hakupaza sauti. "Wewe ungesema lini?"

Nesi aliutazama mkono wake, ule uliokuwa na pamba, kana kwamba hajui ni wa nani.

"Sijui kama ningesema," akajibu.

"Dada!" Mkandarasi akamshika kiwiko.

"Ameniuliza. Namjibu."

Fundi alisimama akiwa ameishika suruali, akamtazama kwa jicho lile ambalo bila shaka alilitumia juu ya lenzi miaka yote, akitafuta mahali rangi ilipounganishiwa. Hakupaona. "Asante," akasema, akapita katikati yao kwenda kaunta kudai mkanda wake. Mkandarasi akamfuata, akiita "Mzee, mzee, subiri," kwa sauti ndogo ambayo Sajini hakuijua kuwa anayo. Nje dereva wa gari alisikika akiuliza kama huyu ndiye wa kupanda.

Koplo naye akawafuata kaunta. Wakabaki Sajini na Nesi.

"Na mimi?" Nesi akauliza.

"Wewe nini?"

"Hunifungi?"

"Kwa kosa gani?"

Nesi akasubiri alitaje. Sajini, aliyekuwa akivijua vifungu kwa kichwa na kuviandika kabla hajakaa sawasawa kitini, alitafuta mwanzo hadi mwisho, na kila alipodhani amekipata aliona kitamtosha na yeye. Mlango wa mahabusu ulikuwa wazi mbele yao. Hakuna kati yao aliyekuwa tayari kuufunga, na hakuna aliyeondoka.